Darasa la majina marefu ya kemikali pale Mwanjelwa: nyota nne kati ya tano

Darasa hili la jioni, pale Mwanjelwa jijini Mbeya, nimelisoma mwenyewe hadi mwisho, na sasa namlipia kijana anayenisaidia dukani naye alisome. Kama unauza dawa za kilimo, au una duka la dawa muhimu, au nyumbani una mtoto wa sekondari anayeikimbia kemia kwa sababu ya majina yake, maoni yangu ni haya.

Kwanza mjue kinachofundishwa, maana wengi wakisikia wanadhani ni tuisheni kama zile nyingine. Mwalimu ni mzee aliyestaafu kufundisha kemia sekondari, na ameamua kufundisha jambo moja tu: kulichukua jina refu la kemikali lililoandikwa kwa Kiingereza, kulikata vipande, kujua kila kipande kinasema nini, kisha kulitamka lote bila kugugumia. Hana bango. Ukifika nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi ulizia kwa Mwalimu wa majina, utaonyeshwa. Kuna mabenchi, ubao mweusi, na dirisha ambalo halifungi vizuri, kwa hiyo Juni na Julai njoo na sweta.

Mimi nina duka la pembejeo Uyole. Wateja wangu ni wa viazi kutoka Umalila na Isyonje, wa mahindi na maharage wa hapa karibu, na siku hizi wa parachichi kutoka Rungwe. Mtu anapiga simu asubuhi: "Dada, niwekee ile ya meta, sijui meta nini, bodaboda anakuja." Sasa hebu simama kwenye nafasi yangu uangalie rafu. Kuna metalaxyl, ambayo ni dawa ya ukungu, hiyo ya bakajani chelewa kwenye viazi. Kuna metribuzin, dawa ya magugu inayotumika kwenye viazi, lakini maharage hayaivumilii. Kuna metolachlor, nayo ni ya magugu, inapulizwa kabla hayajaota. Na iko methomyl, dawa ya wadudu ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye daraja la sumu kali, Ib. Zote nne zinaanza na "met", lakini moja ni ya ukungu, mbili ni za magugu na moja ni ya wadudu. Ukikosea kati ya ya kwanza na ya mwisho, hatari inahama kutoka kwenye majani ya kiazi na kumfikia mtu aliyebeba bomba mgongoni.

Mkulima simlaumu hata kidogo. Jina la kibiashara limeandikwa mbele ya chupa kwa herufi kubwa na picha ya kiazi, ilhali jina la kiambato hai, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi, liko pembeni au nyuma, herufi ndogo, lugha ya kigeni. Anayepaswa kulijua ni muuzaji. Na sisi wauzaji wengi tumelelewa na majina ya kibiashara: ikiisha ile chupa tuliyoizoea, tunahangaika kutafuta inayofanana nayo, wakati jibu limeandikwa pale pale kwenye lebo, tatizo ni kwamba tunaogopa kulisoma.

Sasa njia yake. Mwalimu anakataza kuanza kusoma mwanzo wa jina. Siku ya kwanza aliandika ubaoni jina ambalo kila muuza pembejeo wa Mbeya amelishika mkononi bila kulijua, 2,4-dichlorophenoxyacetic acid. Ndiyo ile 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana kwenye mahindi. Mama mmoja kutoka Mbalizi akaanza: "Tuu foo dichi..." akakwama.

"Mama, anzia mkiani," Mwalimu akamwambia. "Kichwa kitakuja chenyewe."

Akachora mstari kabla ya "acetic acid". Hii, akasema, ni tindikali ya siki, ile ya jikoni, ina kaboni mbili. Ndiyo mwili wa jina, vingine vyote vimepachikwa juu yake. Akarudi nyuma hatua moja, mstari mwingine: "oxy", yaani oksijeni moja imesimama kati ya tindikali na kitu kingine. Kitu gani? Hatua nyingine nyuma: "phen", pete ya kaboni sita. Akaichora pembesita. Halafu "dichloro", klorini mbili. Na "2,4" ni mahali zilipokaa hizo klorini kwenye pete. Kaboni iliyoshika oksijeni ndiyo namba 1, unahesabu kuzunguka, klorini moja iko kwenye ya pili na nyingine kwenye ya nne. Akaziweka kwa chaki. Kilichokuwa mstari wa herufi kikawa mchoro, na yule mama wa Mbalizi akausoma mchoro huo akirudi upande wa kushoto, kipande kwa kipande, bila kukwama.

Halafu Mwalimu akafuta "di" akaweka "tri", akaongeza namba 5. Ikawa 2,4,5-trichlorophenoxyacetic acid. Akauliza nani anaijua. Hakuna. Hiyo ndiyo 2,4,5-T, ambayo jeshi la Marekani liliichanganya na 2,4-D kupata ile dawa ya kupukutisha majani ya misitu, Agent Orange, iliyomwagwa Vietnam. Katika kutengenezwa, 2,4,5-T ilikuwa inachafuliwa na dioksini, sumu mbaya mno, ambayo nayo jina lake ni zoezi tosha: 2,3,7,8-tetrachlorodibenzo-p-dioxin. Klorini moja tu imeongezeka, na jina linakuonyesha wazi kwamba imeongezeka na imekaa wapi. Kwangu mimi kipindi hicho kilitosha kuihalalisha ada nzima. Unaweza kuuza 2,4-D maisha yako yote ukiwa na duka na leseni ukutani, usijue kwamba namba zilizo mbele ya jina zina maana yoyote.

Baada ya kukata ndipo yanakuja matamshi, na hapa ndipo Mwalimu anapong'ara, kwa sababu anafundisha kwa kuujua ulimi wa Mswahili. Anasema tuna mazoea matatu yanayotupinga. La kwanza, tunataka kila konsonanti iwe na irabu yake, ndiyo maana chloro inageuka "kiloro" na glyphosate inageuka "gilifosati". La pili, tunasoma herufi kama ilivyo, kwa hiyo "ch" tunaitamka ya chai, wakati kwenye majina haya yenye asili ya Kigiriki karibu kila mara ni "k". Vilevile "ph" ni "f", "c" ikifuatwa na e, i au y ni "s", na "x" ikianza neno ni "z": xylene, kiyeyushi kilichomo kwenye dawa nyingi zile zinazogeuka nyeupe zikiingia kwenye maji, inasomwa "zailiin". Th haitusumbui kabisa, tunayo kwenye thamani na thelathini, na alitutaka tuitumie kwa kujiamini.

La tatu ndilo gumu: mkazo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, hujiulizi. Kiingereza kinauhamisha. Sisi tunasema parasetaMOli. Wenyewe wanasema pa-ra-SII-ta-mol. Tunasema glifoSAti, wao GLAI-fo-seit. Kwa hiyo kila jina analiandika ubaoni mara mbili, juu kama lilivyo kwenye lebo, chini kwa tahajia ya Kiswahili, kisha anapiga mstari chini ya silabi inayobeba mkazo. Jina letu la kwanza likawa dai-klo-ro-fi-NOK-si-a-SII-tik A-sid. Tunalisema wote kwa pamoja, polepole, kisha kwa kasi ya kawaida. Mkato kati ya namba ni pumziko dogo, kistari hakisemwi. Herufi ndogo ya p iliyotangulia jina inasomwa "para", o ni "ortho", m ni "meta", na N kubwa inatajwa kama herufi tu, "en".

Miisho ya majina ameipa muda mwingi, na amefanya vizuri. "-ane" ni "ein", "-ene" ni "iin", "-yne" ni "ain", "-ol" inabaki "ol", "-ate" ni "eit", "-ide" ni "aid". Na mianzo ya kuhesabu kaboni: meth moja, eth mbili, prop tatu, but nne, kisha pent, hex, hept, oct, non, dec hadi kumi. Hiyo orodha tuliimba. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanaijua tayari, sisi wafanyabiashara tukaipata pale. Mwalimu alieleza kwamba haya hayakuzuka tu: wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kukubaliana namna moja ya kutaja majina, na tangu mwaka 1919 uko umoja wa kimataifa, IUPAC, unaosimamia kanuni hizo.

Lakini kilichobadilisha duka langu ni somo la mikia kwenye majina mafupi, yale ya kawaida yanayoandikwa kwenye chupa badala ya jina refu la IUPAC. Mkia ni jina la ukoo. Cypermethrin, deltamethrin, permethrin, bifenthrin, lambda-cyhalothrin: zote zinaishia na "-thrin", na ukoo wao ni wa pareto. Ndiyo, pareto hii hii inayolimwa Umalila na kusindikwa Mafinga. Ua la pareto lina viini viitwavyo pyrethrin, ambavyo Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha muundo wake mwaka 1924, na wanakemia waliokuja baadaye wakatengeneza kiwandani vitu vinavyofanana navyo ila vinavyodumu zaidi juani. Mkulima wa Umalila anavuna ua, analiuza, halafu anakuja kwangu kununua ndugu yake wa kiwandani akiwa kwenye chupa. Nimeuza pareto ya chupa kwa wakulima wa pareto na hakuna aliyewahi kutuambia, si mimi wala wao.

Faida yake si ya mapambo. Kiwavijeshi vamizi kikiingia kwenye mahindi, mkulima anapuliza dawa, isipofanya kazi anarudi kutaka nyingine. Muuzaji asiyejua mikia anampa chupa ya rangi nyingine, kampuni nyingine, bei nyingine. Ukiisoma vizuri, ya kwanza ilikuwa cypermethrin, ya pili lambda-cyhalothrin. Ukoo ule ule, zote zinashambulia mishipa ya fahamu ya mdudu kwa njia ile ile, na mdudu aliyezoea moja ana nafasi kubwa ya kuivumilia nyingine. Pesa imekwenda na shamba linaliwa. Sasa nikimwuliza mteja alipuliza nini, akinionyesha "-thrin" namtoa kwenye ukoo huo. Nampa inayoishia na "-mectin", kama emamectin benzoate, ambayo inamwua mdudu kwa njia tofauti. Zile za "-fos", kama profenofos, ni ukoo wa fosforasi, na hizo namwambia wazi kwamba zinazuia kimeng'enya ambacho hata mwili wa binadamu unacho, kwa hiyo asipulize bila kinga na asipulize akielekea upepo. Lebo nyingine zina hata namba ya kundi: "-thrin" ni 3A, "-fos" ni 1B, "-mectin" ni 6. Nilikuwa nikiziona namba hizo nikidhani ni za kiwandani.

Mdogo wangu ana duka la dawa muhimu Igawilo, huo mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, na nilimvuta naye aje. Yeye alichotoka nacho ni "-cillin". Amoxicillin, ampicillin, cloxacillin: mgonjwa akisema penicillin inamdhuru, mikia hiyo yote haimfai, hata kama boksi lina jina jingine kabisa. Na "-conazole" ilitukutanisha sote wawili benchi moja. Yeye anauza fluconazole kwa fangasi za binadamu, mimi nauza tebuconazole na propiconazole kwa ukungu wa mazao, na zote zinafanya kazi kwa kuuzuia ukungu usitengeneze mafuta ya utando wa seli yake.

Kipindi kimoja nataka nikieleze kwa urefu, kwa sababu kinaonyesha Mwalimu anavyofanya kazi. Aliomba kila mmoja alete lebo ya dawa inayotoka sana kwake. Mimi nilipeleka ya mchanganyiko wa metalaxyl na mancozeb, maana msimu wa mvua wakulima wa viazi hawanunui kitu kingine. Akaanza na kwa nini ziko mbili. Metalaxyl inaingia ndani ya mmea na kutembea na maji yake. Mancozeb inabaki juu ya jani. Metalaxyl ikitumika peke yake ukungu unaizoea upesi, huko Ulaya usugu ulionekana kwenye viazi mwaka 1980, ndiyo maana inawekewa mwenzake. Halafu akaandika kiini cha mancozeb: ethylenebis(dithiocarbamate).

"Mkia?" akauliza.

"Kabameti!" tukajibu.

"KA-ba-meit," akasahihisha, akapiga mstari. Akarudi nyuma: "thio" ni salfa iliyokaa mahali pa oksijeni. "Di" ni mbili. Kwa hiyo kwenye kabameti moja salfa ni mbili. Ikabaki "bis", na hapo darasa likanyamaza. Kijana wa duka la Soweto akasema bis nayo ni mbili. "Basi mbona hawakuandika di?" Mwalimu akamwuliza. Kijana akafikiri, akasema, "Di imeshatumika kwa salfa. Wakiandika di tena tutachanganya."

Hasa. Bis inasema kipande chote kilichomo kwenye mabano kimerudiwa mara mbili, kikiwa na di yake ndani. "Salfa zote jumla ngapi?" Mbili mara mbili, nne, watu wakajibu kwa pamoja. Na "ethylene" ni kaboni mbili zinazoviunganisha vipande hivyo viwili. Yule kijana alipewa chaki akachora mwenyewe, salfa nne zote mahali pake, na Mwalimu akamwomba alitamke jina zima: e-thi-liin-bis-dai-thaio-KA-ba-meit. Alilisema vizuri kuliko watu waliosoma zaidi yake. Na ile harufu tunayoijua sote tukifungua pakiti ya mancozeb, tukapata pa kuanzia kuielewa: salfa nne.

Kwa wanafunzi sitaongea sana, mimi si mwalimu, ila binti yangu yuko kidato cha nne na nimeona tofauti. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakiingia kidato cha kwanza kila kitu kinakuwa Kiingereza, na kemia inawapokea na maneno ambayo hata Mwingereza wa kawaida hayajui. Alikuwa anachanganya sulphide, sulphite na sulphate. Sasa anajua: "-aid" ni salfa peke yake, "-ait" ina oksijeni tatu, "-eit" ina oksijeni nne, na kwamba kanuni ya "-aid" kutokuwa na oksijeni ina wasioifuata, mfano hydroxide. Nitrate na nitrite nazo alikuwa anazichanganya; nitrate ndiyo ile ya kwenye CAN, mbolea ya kukuzia, na nitrite inatumika kuhifadhi nyama. Halafu zile namba za Kirumi. Iron(II) sulphate watoto wengi wanaisoma "ayan ai ai". Inasomwa "ayan tuu salfeit", na hiyo mbili inaeleza hali ya chuma, chaji yake, siyo idadi ya chuma. Potassium manganate(VII), "potasiam manganeit seven", ndiyo pamanganeti ile ya zambarau ya kuoshea vidonda. Binti alirudi nyumbani akaitafuta kabatini kwa bibi yake.

Sasa kwa nini nyota nne.

Kosa kubwa la darasa hili ni kutuchanganya. Wanafunzi wana mtihani wa taifa mbele yao na wanataka kwenda mbio na kanuni za kupanga majina kwa alfabeti, wapi uhesabu di na tri na wapi usihesabu. Wauzaji wanataka lebo. Kuna jioni nzima iliishia kwenye aina za alkoholi, butan-2-ol na wenzake, na wafanyabiashara tuliofunga maduka mapema tulikaa tu. Mwalimu, kwa heshima zote, tenganisha makundi. Wauzaji tuko tayari kulipa zaidi kwa hilo.

La pili, hakuna karatasi. Kila kitu unanakili ubaoni, na mwandiko wake ni mdogo, aliye benchi la nyuma haoni mstari wa mkazo uko chini ya silabi ipi. Mstari huo ndio somo lenyewe! Umeme ukikatika tunaendelea kwa tochi za simu na hapo ndiyo basi kabisa. Ukurasa mmoja wa mikia na matamshi yake, ukatolewa kopi, ungeliongezea darasa hili thamani maradufu. Kwa sasa ninachofanya ni kumrekodi kwa simu, anaruhusu, na dukani namsikilizisha kijana asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja.

La tatu ni Uingereza na Marekani. Mwalimu alisomeshwa kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo methyl kwake ni "miithail" na methane ni "miithein". Watoto wakirudi nyumbani na kufungua video kwenye simu wanakutana na Wamarekani wanaosema "methil" na "methein", wanadhani wamefundishwa vibaya. Anaeleza, ndiyo, lakini anaeleza mwishoni, baada ya binti yangu na wenzake kuwa wameshabishana shuleni. Hilo ni jambo la siku ya kwanza. Dakika tano zinatosha: yote mawili ni sahihi, chagua moja ulishike.

Anachelewa pia kuanza, anangoja watu wafike. Hilo ni la Mbeya nzima, siwezi kumkata alama.

Niseme na lililonigusa kwake. Hamcheki mtu. Wako watu wazima pale, wenye maduka, ambao Kiingereza chao ni cha kuungaunga, na wanasimama mbele ya watoto wa sekondari kutamka trichloro. Mwanafunzi aliyecheka mara moja aliambiwa asimame atamke dichlorodiphenyltrichloroethane, ile DDT ambayo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kuwa inaua wadudu na ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Herufi 31 bila nafasi. Mtoto alikwama kwenye diphenyl. Mwalimu akamgeukia yule mama wa Mbalizi: "Mama, msaidie mwanao." Mama akakata mkiani, ethane, kaboni mbili, trichloro, klorini tatu, diphenyl, pete mbili, dichloro, klorini mbili. Akalisema lote. Kisha akamshika mtoto mkono wakalisema pamoja, na hakuna aliyecheka tena mle ndani.

Ada ni shilingi elfu ishirini kwa mwezi kwa wauzaji na elfu kumi kwa wanafunzi, jioni za Jumanne na Alhamisi. Kwa duka la pembejeo hiyo ni chini ya faida ya katoni moja. Wa Uyole na Igawilo mnapanda daladala hadi Mwanjelwa, wa Mbalizi vivyo hivyo kwa upande wenu. Wa Tukuyu na Chunya mtachelewa kurudi, mwombeni afungue kipindi cha Jumamosi mchana, nimemsikia akisema wakifika watu kumi atafanya hivyo. Njooni na lebo za dawa zinazotoka zaidi madukani kwenu, maana anaanza na zile mlizoleta.